Barua Mbili za Rufaa

Barua ya kwanza ya rufaa ya mwanangu ilikuwa na mstari mmoja na nusu: mtoto wa kiume, miaka mitatu na ushee, hasemi, naomba mumwone. Saini, muhuri, basi. Ya pili ilijaza ukurasa. Mtoto ni yule yule, mama ni yule yule, na kituo cha afya kilichoziandika zote mbili ni kile kile cha huku kwetu Tabata. Ya kwanza ilituzungusha madirishani. Ya pili ilitufikisha kwa watu waliokaa sakafuni na mtoto wakamwangalia sawasawa.

Wenzangu wakisikia kwamba mwanangu, Babu, alipimwa mpaka hatua ya mwisho, swali lao la kwanza ni "ulipitia kwa nani?" Wanadhani nina shemeji Muhimbili. Sina. Nilikuwa na daftari na simu yenye kioo kilichopasuka. Daktari wa mtaani ana dakika chache mno za kukusikiliza, na barua itakuwaje inategemea utaweka nini mezani kwake katika dakika hizo.

Mimi ni fundi cherehani. Mwanangu tunamwita Babu kwa kuwa alipewa jina la baba mkwe wangu, na amekulia chini ya meza yangu ya kukatia. Alipokaribia mwaka na nusu alikuwa na maneno yake machache: mama, maji, taa, na "toka" aliyojifunza tukifukuza paka. Kisha maneno yakaanza kupungua. Sikuona lipi limeondoka lini. Niligundua tu kwamba akitaka maji haombi tena. Ananishika mkono, ananivuta hadi kwenye ndoo, anaushusha mkono wangu juu ya kikombe bila kunitazama usoni. Na huku haombi maji, alikuwa anaweza kuita abiria kutwa nzima kwa sauti kamili ya konda: "Gongo la Mboto, Gongo la Mboto, Gongo la Mboto!" Wateja walicheka mpaka wakasahau kujaribu nguo zao. "Anasema huyu, fundi. Ni uvivu tu."

Halafu vifungo. Nilimpa kopo la vifungo vilivyobaki ili atulie nikishona. Mtoto mwingine angevimwaga. Yeye alivipanga mstari mmoja kutoka mguu wa meza hadi mlangoni, vya matundu mawili kwanza, vya matundu manne baadaye, bila kujali rangi. Ukisogeza kimoja, hata kwa bahati mbaya kwa fagio, kilio chake kilisikika hadi kwa muuza mkaa. "Huyo injinia," walisema. Huenda. Mimi nilichokiona ni kwamba watoto wa jirani waliingia, wakachuchumaa pembeni yake, wakamwita, wakachoka, wakaondoka, na yeye hakuinua kichwa hata mara moja.

Ushauri ulikuja wenyewe, kama kawaida ya mitaa yetu, na si wote ulikuwa wa kijinga. Mama mkwe alisema baba yake Babu naye alianza kusema akikaribia miaka minne. Hilo nililishika, na baadaye liliandikwa kwenye karatasi za hospitali, kwa sababu madaktari huuliza habari za ukoo. Jirani mmoja alitaka akatwe udata. Nikamwambia, tazama mtoto anavyolamba ubuyu, ulimi unafika hadi kidevuni. Na hata kama udata ungekuwa mfupi, ungemharibia matamshi ya herufi, usingemzuia kugeuka akiitwa. Mwingine akasema kimeo. Mwingine akasema alitupiwa kitu. Mjomba wake akasema ni simu na katuni, tukazipunguza kweli. Usingizi wake ukawa mzuri zaidi na maneno hayakuja.

La chanjo, kwamba sindano ndiyo iliyomnyamazisha, lilinichukua muda zaidi, maana lilikuja kwa njia ya simu na sauti ya mtu anayejiita daktari. Chanjo ya surua na rubela huku kwetu hutolewa mtoto akiwa na miezi 9 na tena miezi 18. Ile ya pili inaangukia hasa kipindi ambacho wazazi wengi huanza kuona kwamba maneno hayaongezeki, au yanapungua, kwa hiyo ni rahisi mno kuyaunganisha mambo mawili yaliyokutana njiani tu. Chimbuko la uvumi wenyewe ni makala ya mwaka 1998 ya daktari wa Uingereza, Andrew Wakefield, kuhusu watoto 12, iliyohusisha chanjo ya surua na usonji, ile hali ya ukuaji inayogusa namna mtoto anavyowasiliana na wenzake. Jarida la Lancet lililoichapisha liliifuta mwaka 2010, na mwaka huo huo jina la Wakefield likaondolewa kwenye orodha ya madaktari wa nchi hiyo. Uvumi haukuondoka naye. Ukisikia mtu anaacha kumpeleka mtoto mchanga kliniki kwa sababu ya kaka yake asiyesema, muulize ameshawahi kuona surua yenyewe.

Sasa barua ya kwanza. Kliniki ya mama na mtoto ni foleni ya mizani na sindano, na kwa mizani Babu hakuwahi kuwa na tatizo. "Uzito mzuri, mama." Anayefuata. Sikumlaumu nesi; mabenchi yamejaa hadi nje na watoto wanalia kwa zamu. Nilipoamua kumwona daktari kwa ajili ya maneno peke yake, nilieleza jambo moja ambalo kila mtu alikuwa analiona: hasemi. Akaliandika.

Na neno hilo moja, hospitalini, kila dirisha lililisoma kwa lugha yake. Aliyekuwa karibu na masikio akasema masikio. Huko masikioni mtu akapiga makofi nyuma ya kisogo cha Babu, Babu akageuka, mtu yule akaandika anasikia. Tukarudishwa. Mwingine akauliza anakula nini. Nikasema ugali mweupe, maziwa, chapati, na hataki kitu kingine chochote. Tukatoka na chupa ya vitamini. Mwingine akasema apelekwe chekechea akachangamane na wenzake, tukampeleka. Hakuna aliyekuwa mkali wala mjinga. Kutosema kunaweza kutokana na masikio, na kichwa, na malezi, na ukoo, na mambo mengine mengi, na barua ya mstari mmoja na nusu haimwambii msomaji aanzie wapi.

Aliyenifungua macho ni mteja, nesi mstaafu, mama mtu mzima aliyeleta kitambaa cha gauni la kuvaa kwenye send-off ya mpwa wake. Nilimwamkia, nikamkalisha, akawa anamtazama Babu na vifungo vyake muda mrefu kuliko alivyotazama mishono kwenye simu yangu. Akaniuliza tumefika wapi. Nikamweleza.

"Fundi," akasema, "mteja akikuletea kitambaa akakwambia tu 'nishonee, nimenenepa', unakata?"

"Sikati, mama. Nampima kwanza."

"Basi daktari naye mpelekee vipimo. Umempelekea 'nimenenepa'."

Usiku ule ule nilichukua daftari la hesabu za wateja, nikaligeuza, nikaanzia nyuma.

Sharti alilonipa lilikuwa moja na lilinisumbua sana: andika jicho liliona nini, usiandike moyo umeamua nini. "Mkaidi" ni moyo. "Hasikii" ni moyo. Jicho ni hivi: nimemwita jina lake nikiwa nyuma yake, hakugeuka, nimeita tena kwa sauti kubwa, hakugeuka, nimefungua pakiti ya biskuti chumba cha pili, amekuja mbio. Mistari hiyo inaeleza zaidi ya ukurasa mzima wa "hasikii", kwa sababu aliyesikia pakiti ya biskuti kupitia ukuta ana masikio, na bado jina lake halimvuti. Nikaandika kwamba hajawahi kuninyooshea kidole akanionyesha ndege au gari. Kwamba anatembea kwa ncha za vidole akiwa na furaha. Kwamba mashine ya kusaga ikiwashwa anaziba masikio na kujikunja, lakini cherehani yangu, inayopiga kelele saa zote, inamtuliza. Kwamba anajua njia ya kwenda kwa bibi yake na tukikata kona tofauti analala chini barabarani.

Niliandika pia anayoyaweza, na hapa kinamama wengi hupaacha. Anavua viatu mwenyewe. Anakumbuka kila kitu kilipowekwa. Anatambua daladala kwa rangi ya mstari ubavuni kabla mimi sijasoma kibao. Mpimaji hatafuti orodha ya mapungufu. Anatafuta umbo zima la mtoto, na mahali palipo juu humsaidia kuelewa palipo chini.

Swali la lini maneno yalianza kupotea lilitaka akili zaidi. Sisi hatukumbuki kwa tarehe, tunakumbuka kwa matukio: kabla ya msiba wa fulani, baada ya mvua zile zilizofunga Jangwani, Idi ile ya gauni la kijani. Baba yake akakumbuka kwamba simu hukumbuka tarehe zenyewe. Akakaa akachimba picha za nyuma mpaka akaipata klipu ya Idi, Babu yuko begani kwa shangazi yake, umeme unarudi, naye ananyoosha mkono juu na kusema "taa!" wazi kabisa. Tulikaa tukaitazama mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Klipu hiyo ya sekunde chache ndiyo iliyomfanya daktari aweke kalamu chini.

Picha nyingine za video tulizipiga makusudi, fupi fupi: anaitwa, anakula, yuko na watoto wenzake, amekasirika, ametulia. Nashauri zipigwe mtoto akiwa nyumbani na bila mtu kumwambia "sema, sema kwa dokta". Siku ya kupimwa mtoto anaweza kujificha chini ya meza muda wote, na wa kwetu alijificha.

Nilimwomba na mwalimu wa chekechea aniandikie. Mara ya kwanza aliandika "mtundu, hafuati maelekezo". Nikamwomba kwa heshima zote, mwalimu, niandikie saa moja tu, kuanzia uji hadi mchezo, Babu anafanya nini. Dada yule wa watu akaandika mistari ambayo mimi nisingeweza, kwa sababu mimi nina mtoto mmoja mbele yangu na yeye ana darasa zima la kulinganisha. Aliandika kwamba wenzake wakiimba, Babu huziba masikio, lakini hakimbii. Husimama mlangoni na kutikisa mwili kwa mdundo ule ule wa wimbo. Mwalimu wa watoto wadogo ni shahidi ambaye hospitali humsikiliza. Usiende bila maneno yake, hata kama ameyaandika nyuma ya karatasi ya ada.

Tukarudi kituo cha afya. Kumwambia daktari aandike nini si adabu kwetu, na wengi tunaondoka na tulichopewa kwa kuogopa kuonekana wajuaji. Nesi mstaafu alinifundisha kauli, nikaifanyia mazoezi njiani: "Shikamoo daktari. Mtoto huyu alikuwa na maneno, yamepotea. Nimeandika ninayoyaona nyumbani na mwalimu ameandika ya shuleni. Naomba apimwe ukuaji wake wote, usiwe usemi peke yake, na naomba karatasi hizi ziambatanishwe." Daktari alikuwa kijana, pengine mdogo kuliko mimi, na shikamoo ilimchekesha kidogo. Akaichukua karatasi. Ilikuwa moja, upande mmoja. Daftari zima nililiacha kwenye mkoba, maana hakuna mwenye nafasi ya kusoma daftari.

Kumbe alijua mambo. Alipopata pa kushika, maswali yalitoka mfululizo. Alilia hapo hapo alipozaliwa? Alipata manjano akiwa mchanga? Amewahi kupata degedege, malaria kali, masikio kutoa usaha? Alikaa lini, alitembea lini? Kuna nani kwenye ukoo aliyechelewa kusema, au mwenye kifafa? Akaniambia kuna dodoso la maswali 20 linaloitwa M-CHAT, la watoto wa miezi 16 hadi 30, ambalo mzazi hujibu ndiyo au hapana. Babu alikuwa amelipita umri, hata hivyo aliniuliza baadhi ya maswali yake ili ajue aelekeze barua wapi. Akasisitiza kwamba dodoso la namna ile halitoi jibu la ugonjwa. Linasema tu kwamba mtoto huyu atazamwe na wenye utaalamu zaidi.

Alinitajia na alama ambazo, ukiziona, hupaswi kusubiri mwezi mwingine wala mwaka mwingine. Miezi 12 imefika mtoto habwabwaji, hanyooshi kidole wala kupunga mkono. Miezi 16 hana neno hata moja. Miezi 24 hajaunganisha maneno mawili ya kwake mwenyewe, mbali na ya kurudia. Na kwa umri wowote, mtoto aliyepoteza maneno au uchangamfu aliokuwa nao anapewa rufaa. "Wavulana huchelewa" ina ukweli wake kidogo, lakini haijibu hiyo ya mwisho. Mtoto aliyechelewa hajafika. Wa kwangu alikuwa amefika kisha akarudi nyuma.

Barua ya pili ikaandikwa, karatasi zangu zikabanwa nyuma yake kwa pini.

Ngazi zetu zinajulikana: zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, hospitali ya rufaa ya mkoa, ambazo hapa Dar es Salaam ni Amana, Temeke na Mwananyamala, halafu Muhimbili ambayo ni ya taifa. Mwenye haraka hutaka kurukia juu, lakini karatasi ya kutoka chini ndiyo inayokupandisha, hasa kama unatumia bima. Kabla hujaondoka dirishani uliza kama bima inataka fomu yake ya rufaa mbali na barua, na karatasi hiyo inaishi muda gani. Piga picha kila kitu kabla hakijaingia kwenye faili la mtu. Sera ya serikali inataka watoto wa chini ya miaka 5 wahudumiwe bila malipo katika vituo vya umma. Ukikwama kwenye gharama, hospitali za umma zina ofisi ya ustawi wa jamii, na kwenda pale si kuombaomba. Kuna mama aliyerudi nyumbani mbele ya macho yangu kwa sababu hakujua kwamba mlango ule upo.

Daktari wa watoto tuliyefika kwake alisoma yote, kisha jambo la kwanza akaagiza masikio tena. Nilivunjika moyo. Akanieleza: kugeukia makofi hakutoshi. Mtoto anaweza kusikia mlango ukibamizwa na lori likipita, sauti nzito nzito, na bado asisikie sauti nyembamba zinazobeba herufi kama s na f. Huyo atageuka kila ukipiga makofi na hatajifunza kusema. Kabla hujasema ni ubongo, hakikisha masikio kwa mashine. Na mashine ile, kwa mtoto asiyeweza kuambiwa "bonyeza ukisikia", hutaka alale usingizi huku vifaa vikiwa masikioni na vingine vimebandikwa kichwani.

Kwa hiyo unatakiwa umkeshe usiku, umfikishe hospitali akiwa na usingizi na hajalala. Aliyetunga sharti hilo hajapanda daladala ya Tabata asubuhi na mtoto mwenye usingizi. Joto, mtikisiko, kifua cha mama. Nilimwimbia, nilimpulizia usoni, nilimsimamisha, abiria wakadhani namtesa. Buguruni Sheli macho yakafunga kabisa. Ndipo gari la pembeni likafungua mlango na konda wake akapaza sauti, "Gongo la Mboto, Gongo la Mboto!" Babu akafungua macho akamjibu. Konda akafurahi, akarudia; Babu akarudia; wakaendelea hivyo mpaka foleni ilipotembea. Tulifika yuko macho. Alilala juu ya kitanda cha kipimo bila hata dawa ya usingizi, na masikio yakaonekana mazima, kwa sauti nyembamba na kwa sauti nzito.

Mlango uliofuata ulimsimamisha baba yake. Kliniki tuliyoelekezwa, ya watoto, ilikuwa chini ya idara ya afya ya akili, na maneno hayo yameandikwa ukutani kwa herufi kubwa. Akasimama nje. "Mama Babu, tukionwa hapa na mtu wa kwetu, tutasema nini?" Sikumjibu kwa ubishi. Nilimwambia aingie akae na mtoto, mimi nitajibu maswali, na akionwa aseme anamsindikiza mkewe. Akaingia. Ndani alikuta kinababa wengine wamekaa na watoto wao mapajani, na mmoja alikuwa konda, tena wa njia ya Mbagala. Waliongea mpira hadi tulipoitwa. Mzazi akiniuliza leo, namwambia mapema mlango umeandikwaje, hasa kama ana mwenza mwenye wasiwasi. Ni afadhali abishe nyumbani kuliko agome kizingitini.

Upimaji wenyewe haukuwa na sindano wala picha. Baba yake ndiye aliyeuliza: si apigwe picha ya kichwa tuone? Akajibiwa kwamba hakuna picha wala kipimo cha damu kinachoonyesha usonji. Picha ya kichwa au kipimo cha umeme wa ubongo huagizwa kukiwa na sababu yake, kama vile degedege au dalili nyingine mwilini. Usonji hutambuliwa kwa historia na kwa kumtazama mtoto, ndiyo maana maswali kwangu yalikuwa marefu kuliko kitu kingine chochote, kuanzia mimba hadi namna anavyolala.

Walipuliza mapovu ya sabuni, kisha wakafunga kichupa na kunyamaza, kuona kama Babu ataomba, kwa neno, kwa jicho au kwa mkono. Alichukua mkono wa mpimaji akauweka kwenye kifuniko. Walimpa mwanasesere na kijiko kuona kama atamlisha. Alikizungusha kijiko kwenye mwanga. Waliita jina lake. Mtaalamu wa tiba kwa vitendo alitazama anavyoshika vitu, anavyokaa, anavyopokea mguso na kelele. Alipojificha chini ya meza hawakumvuta; mmoja alijilaza naye kule chini, na sisi wengine tukatazama video zetu. Hatukumaliza siku hiyo. Waliomba tumrudishe asubuhi zaidi, akiwa ameshakunywa chai, na niwaletee vifungo.

Jibu lilikuwa usonji pamoja na kuchelewa kwa lugha. Daktari alilisema kwa Kiswahili, taratibu, akitutazama sote wawili, halafu akatupa ripoti iliyoandikwa kwa Kiingereza. Nilimwomba kabla hatujatoka anisomee sehemu ya mahitaji ya mtoto kwa maneno ya kawaida, nami nikaandika kwenye daftari langu kama alivyosema. Mzazi anaiweka ripoti kabatini kwa sababu haielewi, wakati sehemu ile ya mwisho ndiyo anayohitaji Jumatatu asubuhi. Ilisema asubiriwe: muulize, kisha hesabu moyoni kabla ya kurudia. Ilisema kitu anachokitaka kishikwe karibu na uso wangu, na neno liwe moja, si hotuba. Ilisema mabadiliko ya njia atangaziwe kwa picha. Wa tiba ya matamshi ni wachache, foleni yao ni ndefu, na walitueleza hivyo bila kuficha. Sehemu kubwa ya kazi ingefanyika kati ya meza ya kukatia na ndoo ya maji.

Mama mkwe alisikiliza yote, akauliza kama kuna dawa ya kunywa. Hakuna dawa ya kuuondoa usonji wenyewe. Akasema basi yeye atashika zamu ya jioni, na akaichukua kazi hiyo kwa ukali kiasi kwamba sasa ananikemea mimi nikimpa mtoto kikombe kabla hajaomba.

Tuliko leo ni shule. Ripoti ile ndiyo karatasi ambayo ofisi ya elimu maalumu ya manispaa huuliza kwanza, na hapa jijini ziko shule za serikali zinazopokea watoto wenye mahitaji maalumu, kama Uhuru Mchanganyiko na Sinza Maalum. Baba yake anataka abaki kwenye darasa la kawaida na yule mwalimu wa chekechea anayemjua, akisaidiwa. Mimi nataka mahali penye walimu waliosomea kazi hiyo. Ripoti haikutuamulia, inasema njia zote mbili zinawezekana ikiwa kelele zitapunguzwa na mwalimu ataelekezwa. Tumekubaliana twende tukakae madarasani, huku na huku, tuone watoto wanafanya nini baada ya uji. Shule zinafunguliwa Januari. Nimetoa nakala za ripoti, moja iko kwa afisa elimu, moja kwa mwalimu, na baba yake anaendelea kunibishia kila usiku.